Karatasi ya Jikoni

Wanaume wa chama cha magari ya zamani hunipigia simu wakati wa chakula. Sijui nani aliwaambia kwamba mimi sili. Simu inalia, naweka uma chini, nasikia, "Mama Glenys, samahani kwa usumbufu, hivi langu lilikuwa bei gani lilipokuwa jipya?" Hakuna mguu unaendeleaje, hakuna mvua imenyesha huko. Langu lilikuwa bei gani, basi. Naenda kwenye boksi, natafuta mwaka na mwezi, nasoma. Nikitaja bei kubwa wananishukuru mpaka wanaudhi. Nikitaja ndogo wananiuliza, "Una uhakika?" kana kwamba nimewatukania mama zao.

Maboksi ni matatu, yako chini ya kitanda cha chumba cha wageni, na wageni wenyewe siku hizi hawaji. Ndani ni orodha za bei za magari ya Kijapani, mwezi kwa mwezi, tangu mwaka 1980 mpaka 1998, mwaka ambao duka la magari la Clarrie Boyle hapa Wirrabilla, mji wetu mdogo wa wafugaji kondoo, lilifungwa. Nilikuwa karani wake miaka yote hiyo. Clarrie alitaka kuzichoma kwenye pipa nyuma ya gereji, nikamwambia niachie, nitafungia vyombo nikihama. Sikuhama. Ndiyo nimekuwa mtu wa kuulizwa bei za zamani, na bei hizo wao wanaziandika kwenye kadi na kuzibandika kwenye kioo cha mbele siku ya maonyesho pale uwanjani: gari la mwaka gani, yaliletwa mangapi nchini, bei lilipokuwa jipya. Watu wanapita na soseji zao kwenye mkate, wanasoma, wanatikisa vichwa. "Elfu hamsini mwaka ule! Si ungepata nyumba!" Ni kweli, hapa Wirrabilla ungepata nyumba. Ushuru umekula kipande, kodi imekula kipande, meli imekula kipande, gari likitufikia sisi bei yake wenyewe Wajapani wasingeitambua.

Sasa nitasema jambo ambalo haliko kwenye kadi yoyote. Clarrie alikuwa na utaratibu wake. Mkulima akija kununua gari la milango miwili, gari lisiloweza kubeba hata kondoo mmoja, Clarrie anamtazama, anamwuliza kwa sauti ya chini, "Na ya jikoni?" Mkulima akiitikia kwa kichwa, mimi nina kazi ya kupiga taipu karatasi mbili. Ya kwanza ni ankara ya kweli, inaingia kwenye faili. Ya pili ina jina la duka lile lile na saini ya Clarrie ile ile, ila bei ni nusu, au chini ya nusu, ikitegemea bwana anamwogopa mkewe kiasi gani. Tukaiita karatasi ya jikoni kwa sababu ndiko ilikokwenda kukaa, kwenye droo, na vibiriti na kamba za kufungia vifurushi. Niliandika kama arobaini. Tulicheka sana mle ofisini. Mume wangu mimi hakuwa na hela za kunidanganyia, basi nikaona ni mchezo tu wa wenye nacho.

Moja ya hizo arobaini ilikwenda kwa Noelene Pascoe, na Noelene ni shoga yangu. Kila Alhamisi nampitia na kigari changu tunakwenda klabu kuviringisha mipira kwenye nyasi, mimi na yeye timu moja, miaka ishirini na sita. Wanawake wa umri wetu wanaoweza kuinama bado hawazidi kumi hapa mjini, kwa hiyo hatupotezani.

Noelene ni mtu wa neno moja. Akisema saa nne ni saa nne. Na akikununia, umenuniwa. Marehemu Fairweather, aliyekuwa meneja wa benki yetu, Noelene hakumsalimia tena maishani: kanisani, dukani, kwenye foleni ya bucha, mpaka mtu wa watu akazikwa. Ukimuuliza kisa, anajibu, "Yule anajua alichonifanyia." Mji mzima tulifanya utani. Fairweather mwenyewe aliwahi kuniuliza, "Glenys, hivi yule mama nimemkosea nini?" Nikamwambia sijui. Na kweli sikujua.

Basi Alhamisi moja mwezi wa pili, joto limepita digrii arobaini, tuko klabu kivulini tunasubiri zamu yetu, Noelene akaniambia kama mtu aliyeuza kuku wawili, "Nimeuza gari la Lindsay."

Lindsay ni mumewe, alifariki mwaka juzi. Gari lenyewe ni jeupe, la milango miwili, taa za mbele zimelala ndani na ukiziwasha zinachomoza. Lindsay alilinunua jipya mwezi wa tano mwaka 1990, akawa analitoa Jumapili peke yake, na likipata vumbi anaugua.

"Umemuuzia nani?"

"Warwick Dunne. Anakuja keshokutwa saa nne na trela yake."

"Bei gani?"

"Bei aliyonunulia Lindsay. Siongezi, sipunguzi." Akauchukua mpira wake, akaanza kuupangusa kwa kitambaa. "Aliniambia mwenyewe pale hospitali, 'Noe, ukija kuliuza, liuze bei niliyonunulia mimi. Usimnyonye mtu.' Na Warwick nimemwonyesha karatasi yake kabisa, maana nimeitunza. Elfu ishirini na nane, mia tisa na tisini. Tumeshikana mkono."

Nikakaa.

"Janelle anasemaje?" Janelle ni binti yake, anaishi pwani.

"Anapiga kelele! Ati kwenye kompyuta ameona bei kubwa kubwa. Nikamwambia bei ya kwenye kompyuta si bei ya baba yako."

"Na ile nyumba?"

Kulikuwa na nyumba ndogo kwenye makazi ya wazee huko pwani, dakika kumi kutoka kwa Janelle, chumba kimoja, kengele ya kuita muuguzi ukutani. Noelene alikuwa ameshaanguka mara mbili uani mwaka ule. Mara ya pili alilala chini saa nne nzima, jua linamchoma, mpaka mleta barua alipomwona.

"Imepungua," akasema. "Hata nikiuza gari imepungua kama elfu ishirini na nane. Na wamesema hawaniwekei zaidi ya mwisho wa mwezi. Basi, itakwenda kwa mwenye bahati yake. Mimi nitabaki na nzi wangu." Akacheka. "Haya inuka bibi, zamu yetu, mbona umekaa kama umefiwa?"

Nilicheza vibaya siku ile, na akanisema njia nzima.

Sikuhitaji kufungua boksi. Bei ya gari lile mwezi wa tano mwaka 1990 ilikuwa dola elfu hamsini na saba na mia tisa, na niliikumbuka kwa sababu mwaka mmoja kabla ya Alhamisi ile mtu alikuwa amenipigia simu kuiuliza, gari lile lile, mwezi ule ule. Mtu huyo alikuwa Warwick Dunne.

Ijumaa asubuhi nikampigia mimi, saa ya staftahi, makusudi.

"Warwick, unakumbuka mwaka jana uliniuliza bei ya mwezi wa tano tisini? La milango miwili?"

"Mama Glenys, mimi nakuuliza bei nyingi. Siwezi kuzikumbuka zote."

"Hiyo unaikumbuka. Nilikwambia hamsini na saba na mia tisa, kabla ya namba na usajili."

Nikamsikia anatafuna mkate. "Haya, na?"

"Na unamnunulia mjane kwa nusu ya hiyo. Na leo lina thamani kubwa kuliko hiyo, wewe ndiye unayejua zaidi yangu."

"Sikumpangia bei mimi. Mwenye gari ametaja bei, ametoa na karatasi. Ulitaka nimwambieje? Hapana mama, mumeo alikuwa mwongo? Mimi siwezi kumvunjia marehemu heshima namna hiyo."

"Heshima! Ebo! Toka lini wewe?"

"Basi mwambie wewe." Akameza. Halafu akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeficha kete. "Ile karatasi niliisoma vizuri. Kila herufi ya e imeruka juu ya mstari. Nyumbani ninazo ankara tano za duka la Clarrie, na zote e inaruka hivyo hivyo. Ile taipureta alikuwa anaikalia nani, mama Glenys?"

Nikamkatia simu. Chai ikapoa mbele yangu.

Nitasema ukweli, sikukasirika sana na Warwick, maana mwizi ni mwizi na huwezi kumlaumu kwa kazi yake. Nilichohisi ni uchovu. Nina miaka sabini na miwili, goti moja ni la chuma, na bado naambiwa nitunze siri za wanaume waliokwisha kufa. Lindsay kafa, Clarrie kafa, waliocheka wote wamelala makaburini wanapumzika, kabaki karani. Na karani huyo akifunga mdomo, rafiki yake atakosa nyumba ya kufia kwa heshima, na akiufungua atakosa rafiki. Nilishinda siku nzima nikitafuta njia ya tatu. Nikafua mashuka yaliyokuwa safi.

Jumamosi saa tatu nilikuwa kwa Noelene na orodha ya mwezi wa tano ndani ya mkoba. Gari lilikuwa limeshatolewa bandani, limeoshwa, linang'aa. Mwenyewe alikuwa amevaa blauzi yake ya kanisani. Mezani jikoni aliweka sahani ya keki za nazi, birika liko tayari, na kando ya sahani ile karatasi, imekunjwa mara nne, imegeuka rangi ya chai.

"Yaani umemwokea na keki?"

"Mtu akija kununua kitu nyumbani kwako unampa chai. Wewe umekuja kufanya nini? Leo si Alhamisi."

Nikajaribu kwanza kupita ubavuni. Nikamwambia bei za magari yale zimepanda, kila mtu anajua, Lindsay asingemlaumu.

"Bei ya Lindsay," akasema.

Nikamwambia Warwick ana magari sita ndani ya banda lenye kiyoyozi, si mtu wa kuonewa huruma.

"Hata angekuwa nayo sitini. Nimesema bei ya Lindsay. Glenys, una nini wewe leo? Unazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia."

Basi nikapiga moyo konde. "Noe, karatasi hiyo ni ya uongo."

"Uongo vipi? Si ina saini ya Clarrie."

"Saini ni ya Clarrie. Bei aliipanga Lindsay. Aliyeipiga taipu ni mimi."

Nikatoa orodha, nikaifungua ukurasa wenyewe, nikaiweka kando ya karatasi. Nikamweleza yote, ya jikoni na ya faili, utaratibu wa Clarrie, vicheko vyetu. Akavaa miwani. Akaufuata mstari kwa kidole kama mtoto anayejifunza kusoma, akafika mwisho, akarudi mwanzo.

"Alilipa hii yote?"

"Yote. Hundi moja. Niliipeleka benki kwa mikono yangu."

"Clarrie hakumpunguzia?"

"Clarrie alimpa mkeka wa miguuni bure."

Akavua miwani. "Wake wangapi?"

"Wangapi nini?"

"Wake wangapi mliwaandikia hizi?"

"Kama arobaini."

"Betty Hallam?"

"Ndiyo."

"Shirl?"

"Shirl mara mbili."

Nikaona mdomo wake unataka kucheka, na kwa kitambo kidogo nikadhani tumepona. Halafu ukaacha. Nje mbwa wakaanza kubweka na trela ya Warwick ikaingia langoni, saa nne kasoro dakika mbili.

Warwick ni mtu wa miaka hamsini na kitu, kofia yake ina nembo ya chama. Aliponiona mimi nimekaa jikoni, uso ukamshuka, lakini akajikaza. "Mama Noelene, habari za asubuhi! Naona na mama Glenys yupo."

"Karibu, kaa," akasema Noelene. Akammiminia chai. Akamsogezea keki. Akasubiri mpaka keki imeingia mdomoni. "Warwick, tulishikana mkono kwa bei gani?"

"Ishirini na nane, mia tisa na tisini. Na hela ninazo."

"Hapana. Nilikwambia nini? Maneno yangu."

Warwick akamtazama, akanitazama mimi. "Ulisema... bei aliyonunulia mzee."

"Ndiyo. Na sirudi nyuma." Akamsukumia orodha. "Bei aliyonunulia ni hii hapa. Karatasi uliyoona ni ya uongo, aliiandika huyu, amekiri mwenyewe sasa hivi. Hamsini na saba na mia tisa. Sikuongezei hata senti moja. Kwenye kompyuta Janelle anasema ni zaidi ya tisini, lakini mimi nimeahidi bei ya Lindsay. Unalichukua au hulichukui?"

"Lakini mama, tulishikana—"

"Mkono ninao, na neno langu ninalo. Unalichukua au hulichukui?"

Warwick akatoka nje. Akalizunguka gari mara mbili, akapiga tairi teke, akaziwasha taa zikachomoza, akazizima zikalala. Alikuwa anajua vizuri kwamba hata kwa bei hiyo anafaidi, na kinachomuuma ni ile aliyokuwa ameshaihesabu kuwa yake. Halafu akatoa simu, akasogea nyuma ya tangi la maji akidhani hatumsikii.

"Ndiyo, mpenzi," tukamsikia. "Ishirini na nane, kama nilivyokwambia. Hapana, hapana, hajabadilisha kitu."

Noelene hakunitazama, wala mimi sikumtazama.

Akarudi, akatuma hela kwa simu. Benki ikathibitisha. Noelene akachukua daftari lake la barua, akamwandikia stakabadhi kwa mkono, tarakimu kubwa kubwa. Warwick akaipokea lakini hakuondoka. Akawa anasugua miguu kwenye zulia.

"Mama Noelene, ile karatasi ya zamani... naomba niondoke nayo. Kwa ajili ya historia ya gari."

"Historia gani?"

"Ni kwamba tu... wenye magari tunapenda kuwa na karatasi zote."

"Unataka kumwonyesha mkeo."

Uso wa Warwick ukawa mwekundu mpaka masikioni. Nimewaona wanaume wengi na uso ule, ng'ambo ya meza yangu, miaka kumi na minane.

"Hiyo haitoki humu," akasema Noelene. "Mpelekee mkeo hiyo niliyokuandikia. Mwandiko wangu unasomeka. Na chukua keki mbili za njiani."

Akachukua kweli zile keki. Gari likapandishwa trelani, likafungwa mikanda, likatoka langoni kinyumenyume linatutazama. Mimi nilikuwa nimeanza kupumua. Hela ya nyumba imetimia na dola mia tisa juu, nikajua mwisho wa mwezi hautamkuta hapa, akianguka tena uani. Nikasema, "Afadhali, shoga." Nikaanza kukusanya vikombe.

"Gari lilinunuliwa tarehe ngapi?" akauliza.

Nikatazama kwenye karatasi yake, maana tarehe hatukuwa tunadanganya. "Tarehe kumi na moja, mwezi wa tano."

"Beryl alikufa tarehe mbili mwezi wa sita."

Nikaviweka vikombe chini.

Beryl alikuwa dada yake, dada wa pekee. Alikuwa Perth, ng'ambo nyingine ya nchi, siku tatu kwa gari na hakuna basi lolote la kumfikisha mtu kwa mgonjwa. Aliugua mwezi mzima. Noelene hakwenda kumwona, na alipokufa hakwenda kumzika.

"Nilimwomba Lindsay," akasema. Alikuwa anaiangalia ile sehemu tupu uani, palipokuwa na gari. "Nilimwambia hundi ya sufu ya kondoo wetu si imeingia, na gari si ishirini na tisa tu, hela iliyobaki nipe ya tikiti ya ndege. Akaniambia haikubaki. Akasema Fairweather kaibana yote kwa mkopo wa mashine. Akasema alimbembeleza Fairweather, alimwambia kuna mgonjwa, na Fairweather akakataa."

"Noe."

"Nikamchukia yule mtu miaka yake yote iliyobaki. Alinishika mkono kwenye mazishi ya mama yangu, Glenys. Nikauchomoa. Mbele ya watu."

Meneja wa watu aliniuliza amekosa nini, na mimi niliyepeleka ile hundi dirishani kwake nikamjibu sijui.

"Na wewe ulikuja," akasema. "Siku anazikwa Beryl. Ulileta keki ya ndizi. Ulikaa kiti hicho ulichokuwa umekaa leo."

"Nilikuja."

"Nikakwambia nimekosa hela ya tikiti. Nikakwambia nalala naota kaniita. Ukaniambia nini?"

Nakumbuka nilichomwambia. Laiti ningekuwa nimesahau. "Nilikwambia, pole shoga, mwaka huu ni mgumu kwa kila mtu."

"Na ulikuwa unajua hela ilikokwenda."

Ningeweza kusema sikuunganisha mambo. Ningesema kwamba bei niliijua ila tikiti sikuifikiria, watu wengi wangenielewa. Lakini niliunganisha, siku ile ile, nimekaa kwenye kiti kile, keki iko mdomoni. Wiki tatu tu zilikuwa zimepita tangu niandike ile karatasi. Nikatafuna, nikameza, nikamshika bega.

"Nilikuwa najua," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa taratibu kama mtu aliyethibitishiwa jambo dukani. Hakulia wala hakupandisha sauti. Afadhali angenitukana.

"Mia saba na arobaini," akasema.

"Nini?"

"Perth, kwenda na kurudi. Nilipiga simu kwa wakala mara tatu, nikidhani labda itashuka."

Akaikunja ile karatasi mara nne, kwenye mikunjo yake ile ile, akanikabidhi. "Chukua. Hii ni yako, wewe ndiye uliyeiandika." Halafu akafungua mlango wa nyavu ili nipite. "Na Alhamisi usinipitie."

Alihama mwisho wa mwezi. Janelle alinitumia picha: mama yake amekaa barazani, blauzi ile ile, bahari kwa mbali, kamba ya kengele iko karibu na kiti. Akaandika, mama hajambo, ahsante kwa yote. Nikajua hajaambiwa. Noelene mwenyewe hajaniandikia wala hajapokea simu yangu, na namfahamu, hataipokea.

Alhamisi siku hizi nakaa nyumbani. Wanaume bado wananipigia nikiwa nakula, nainuka na goti langu nakwenda kwenye boksi. Karatasi ya jikoni nimeiweka humo, katikati ya orodha ya mwezi wa tano mwaka 1990, bei mbili za gari moja zimelala pamoja. Ile bei ya tatu, ya tikiti, sikuiandika mahali. Hakuna anayeiuliza, na ndiyo ninayoikumbuka kila Alhamisi bila kufungua boksi.